Wifi, Hukusikia

4 Februari

Wifi,

Salamu zangu leo ni za hasira, kwa hiyo zipokee ukiwa umekaa.

Mama tumemzika Jumamosi. Hukuja. Nilikuwekea nafasi kando yangu kwenye chumba cha wanawake, nikatandika shuka langu mtu asipakalie, na kila mlango ulipofunguliwa nikainua shingo. Mpaka shangazi yetu yule wa mdomo akaniuliza, "Unamsubiri nani, marehemu?" Nilimjibu, na sauti yangu unaijua. Waliogeuka ni wengi.

Najua kaka yangu alikuacha. Ni yeye aliyekuacha. Mimi sijakuacha, wala mama hakukuacha. Mpaka siku za mwisho alikuwa anaulizia "mkwe wangu msusi" huku mke mpya amesimama mbele yake na kikombe mkononi. Aliomba uje umsuke. Nikamwambia unakuja. Ulipochelewa nikamsuka mwenyewe, na mikono yangu hii ya kusaga unga. Wifi, mama yetu amezikwa na njia za nywele zimepinda.

Ulikuwa ugonjwa wa kizazi. Mwaka mzima alikuwa anaona damu, akafua nguo zake mwenyewe, na tukimuuliza mbona umekonda, anasema si kitu. Siku tuliyompeleka hospitali, daktari akatuuliza tulikuwa wapi.

Niambie kwa nini hukuja. Usinipigie simu. Masikio yangu yameliwa na mashine ya kusaga, ukinipigia itabidi upige kelele na mimi nikujibu kwa kelele, mtaa mzima ushiriki. Andika, mpe wakala wa basi, nitaipata.

Ni mimi, bado wifi yako,
Mama Pacha


15 Februari

Wifi mpendwa,

Natumaini hujambo pamoja na mapacha wako. Mimi sijambo, kazi zinaendelea.

Nimeumia sana kwa habari ya mama. Mungu amlaze pema. Nilitamani kuja lakini wiki ile nilikuwa na bibi harusi na wasimamizi wake wote, vichwa visivyoweza kuahirishwa. Unajua biashara ya saluni, ukimwacha mteja leo kesho yuko kwa jirani. Naomba unisamehe.

Wasalimie wote. Nitakuja nikipata nafasi.

Wifi yako,
Msusi


22 Februari

Wifi,

Bibi harusi! Haya.

Wakala wa basi aliyeniletea barua yako ni mtu wa maneno. Kaniambia, huku anaandika kwa kidole kiganjani ili nielewe, kwamba Ijumaa ile alikupakia yeye mwenyewe. Ulikuwa na begi la bluu. Ulikaa karibu na mlango. Basi lilipofika huku, wewe hukuwemo.

Sasa nieleze mimi mjinga. Mtu anapanda basi la kwenda msibani, anashukia njiani, halafu ananiandikia habari za vichwa vya watu. Kondakta anasema ulishukia kituo cha mafuta, wakakupigia honi, ukawapungia mkono waende. Pale kituo cha mafuta kuna nani? Muuza dizeli?

Nitasema yote, maana nikiyabakiza yataniozea. Kaka alituambia ulikuwa unamkataa. Kwamba ulihamia chumba cha pili, ukifunga mlango kwa funguo. Mama alimwambia anyamaze. Mimi nilimwamini. Nilisema kuna mwanaume. Niliendelea kukupenda nikijua kuna mwanaume, na hiyo si kazi ndogo, wifi. Lakini kumkosa mama kwenye mazishi kwa ajili ya mtu wa pembeni, hapo umenishinda.

Kama nimekosea niambie. Kama sijakosea usinijibu.

Mama Pacha


5 Machi

Wifi,

Umekosea.

Pale kituo cha mafuta kuna choo. Basi.

Nimekaa na karatasi hii tangu mteja wa mwisho aondoke, sijui nianzie wapi, maana sijawahi kuyasema haya kwa mtu asiyevaa koti jeupe. Kibofu changu kinaumwa. Sisemi ule ugonjwa wa mkojo wa kumeza vidonge ukapona. Hivyo vidonge nimevimeza miaka na miaka. Kila nikipimwa mkojo ni msafi, na kila wakisema ni msafi wananitazama kama nimekuja kuwapotezea muda. Mwishowe mmoja alinipa jina la kitu chenyewe, akasema ni cha kudumu, kitatulia na kitaamka, nijifunze kuishi nacho. Haya, naishi nacho. Kinaishi vizuri kuliko mimi.

Kikiamka, wifi, ni moto. Nakwenda chooni natoa matone, narudi, sijakaa vizuri nataka tena. Chai imenishinda, ndimu imenishinda, pilipili ndiyo usiseme. Saluni hii niliichukua ingawa bati linavuja, kwa sababu choo kiko nyuma ya mlango. Mji huu naujua kwa vyoo vyake. Niulize wapi kuna soko zuri sijui, niulize wapi kuna choo chenye mlango unaofunga, nitakupeleka nimefumba macho.

Siku ile nilipanda. Nilikuwa nimeacha kunywa maji tangu jana yake. Nikaomba basi lisimame, likasimama. Nikaomba tena, watu wakaanza kuguna. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Wengine wanasafiri na tumbo la kukodi." Walicheka mpaka dereva. Tulipofika kituo cha mafuta niliingia chooni, nikajifungia, na nilipotoka nikawaona wote wananitazama kupitia vioo. Nikashindwa kurudi. Nikawapungia. Nimemlilia mama mkwe wangu kwenye choo cha kituo cha mafuta, nimekumbatia begi la bluu.

Kuhusu kaka yako, ni kweli nilihamia chumba cha pili. Kila akinigusa nilikuwa naungua siku kadhaa. Nilimwambia naumwa, akaniuliza mbona vipimo ni safi. Jibu akajitafutia mwenyewe. Mlango nilikuwa nafunga ili asinisikie nikilia. Hakukuwa na mwanaume. Hakuna hata sasa. Nani ataishi na mtu wa hivi?

Sasa umejua. Isome halafu uichome.

Msusi

Nilisahau. Kuna jambo jingine dogo. Tangu mwezi wa kumi na mbili naona damu siku ambazo si zangu. Pengine ni umri. Yule daktari wa dirisha la dawa alinitaka niende kupimwa mlango wa kizazi, na mimi siendi. Niliwahi kwenda zamani. Yule mama wa mle ndani alinitia lile dude la chuma huku anaongea na mwenzake habari za mkutano. Lilipogusa ukuta wa kibofu niliruka, akanipiga kofi la paja, "Tulia, hujawahi kuolewa?" Nilikojoa pale pale kitandani. Akaniita mtu mzima hovyo. Niliungua wiki nzima, nikalala na chupa ya maji moto tumboni kama mtoto na mwanasesere. Sirudi. Tena damu yenyewe si kitu.


12 Machi

Wifi yangu,

Nimeisoma nyuma ya magunia, mapacha wakidhani nahesabu stoo. Nimelia mpaka unga usoni ukawa uji. Nisamehe kwa muuza dizeli. Nisamehe kwa miaka yote niliyojisifu nakupenda juu ya dhambi ambayo hukuifanya.

Sijaichoma. Niliyoisoma mara nyingi ni mistari yako ya chini, baada ya sahihi. Unajifanya umesahau, halafu unaandika "si kitu". Wifi, mama alisema hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo, na mimi mwenye kiherehere cha mji mzima nikamwamini. Safari hii siamini mtu.

Kuna mkunga mstaafu anakuja kusaga hapa kwangu. Nilitaka kumuuliza mambo yako, lakini sauti yangu si unaijua, miaka yote hii nikiongea juu ya mashine sijui tena kunong'ona. Nikinong'ona wanasikia kanisani. Kwa hiyo nilimvuta pembeni, nikaandika swali kwa kidole kwenye vumbi la unga juu ya meza. Akasoma, akanijibu kwa kidole chake, mimi nikasoma, akafuta. Wateja walidhani tumerogwa. Siri yako imekwenda na fagio.

Anasema hivi: waambie kabla hujapanda kitanda, usingoje uumie. Usijinyime maji, mkojo ukiwa mkali unachoma zaidi. Nenda chooni dakika ya mwisho kabisa, wakikuharakisha waache wakuharakishe. Dude hilo lina dogo lake, liulizie. Na mkubaliane kwamba ukiinua mkono anaacha, hata kama amefika katikati. Anasema ni haki yako, na kwamba yule aliyekupiga kofi alistahili lake.

Nenda, wifi. Ningekuja nikusindikize, lakini kiziwi atakufaa nini hospitali? Hata ukiitwa sitasikia.

Mama Pacha


2 Aprili

Wifi mpendwa,

Furahi pamoja nami! Nimeenda. Kila kitu kilikwenda vizuri mno. Daktari ni kijana mpole, ana adabu, alinisikiliza, chombo kilikuwa kidogo na hakikuuma hata kidogo. Wamesema niko salama kabisa, damu ni mabadiliko ya umri kama nilivyosema. Mwambie mkunga asante.

Saluni inajaa siku hizi. Leo nimesuka kichwa cha mwalimu mmoja ana nywele nyingi, nimesimama mchana kutwa na wala sikusumbuka. Ondoa wasiwasi.

Wifi yako mwenye furaha,
Msusi


10 Aprili

Wewe,

Hujaenda.

Barua yako ina furaha nyingi mno. Mtu aliyeogopa kitu kwa miaka yote hiyo hatoki mle ndani bila hata tusi moja kwa daktari. Mimi nimezaa mapacha mikononi mwa watu wapole, na bado niliwatukana wote, na mama zao.

Mashine nawaachia mapacha. Napanda basi la Jumatano. Usinijibu, barua itapishana na mimi njiani. Andaa pa kulala.

Mama Pacha


29 Aprili

Wifi,

Nimefika nyumbani salama. Mapacha hawajavunja kitu ila mkanda wa mashine, na hilo nililitegemea.

Nimengoja uandike wewe kwanza. Hujaandika. Kila basi likiingia namtazama wakala, anatikisa kichwa. Basi naandika mimi, na mara hii sina hasira, nina aibu.

Niambie nilifanya nini pale hospitali. Nakumbuka tulikaa kwenye benchi, umenishika mkono, mkono una baridi. Wanawake wamejaa pande zote. Nikaona unatazama mlango wa kutokea. Nikainama sikioni kwako nikakukumbusha ya mkunga, taratibu, kwa kunong'ona, au hivyo nilivyodhani. Halafu nikaona vichwa vyote vinageuka, mpaka vya wale wa dirisha la dawa. Mmoja akafunika mdomo. Na wewe ukaniachia mkono, ukainamisha kichwa mpaka magotini.

Hapo nikajua nimepayuka. Nini kilifuata sikujua. Midomo ilikuwa inachezacheza, siwezi kufuata midomo ya watu wengi. Mara nesi akatoka, ukasimama, ukaingia. Hukugeuka. Mimi nikabaki pale katikati ya watu wanaonitazama, na kimya changu. Huku kwetu mashine ikinguruma angalau naisikia kifuani. Pale hakukuwa na kitu. Sijawahi kuwa peke yangu namna ile, wifi.

Ulipotoka hukusema neno mpaka stendi. Ulinishika tu kiwiko cha mkono, ukanipandisha basi. Sijui hata kama ulipimwa au ulitoka kama ulivyoingia. Uliyaficha miaka yote, mimi nikaja kukuanika siku moja. Kama hutaki kuniandikia tena nitaelewa, lakini niambie hilo moja tu. Ulipimwa?

Mama Pacha


6 Mei

Wifi,

Nilipimwa.

Nilichelewa kuandika kwa sababu nilikuwa nasubiri majibu, na kwa sababu nilijua hii itakuwa ndefu. Tulia, ondoa huo mfuko wa unga hapo, ukae. Nakuandikia yote uliyokosa kusikia.

Kwanza, hukunong'ona. Ulisema, kwa sauti ile ya mashine: "MWAMBIE KIBOFU CHAKO KINAWAKA MOTO! ASITIE LILE DUDE KUBWA, KUNA DOGO LAKE! NA UKIINUA MKONO AACHE!"

Wifi, mtoto aliyekuwa analia alinyamaza. Nilitamani sakafu ipasuke. Msichana mmoja alicheka, ni yule uliyemwona amefunika mdomo. Nikainama. Nilikuwa nahesabu hatua za kufika mlangoni, nilikuwa nimeshakuachia mkono niondoke.

Halafu mwanamke wa benchi la nyuma, yule mwenye sare ya kijani, akasema, "Hata mimi." Hakusema kwa nguvu, lakini kulikuwa kimya. Akasema, "Hata mimi kinawaka. Nakata tiketi kwenye kile kibanda cha treni, natoka mara moja kwa siku. Nilidhani niko peke yangu." Yule msichana akaacha kucheka. Bibi mmoja akasema, "Kumbe kuna dogo lake? Na sisi miaka yote tunatiwa hilo kubwa?" Hapo watu wakacheka vingine, wifi, kicheko cha watu waliochoka. Ndiyo midomo uliyoiona inachezacheza. Hawakuwa wanakusema. Walikuwa wanaulizana.

Nesi alitoka akauliza, "Mwenye kibofu ni nani?" Alikuwa amekusikia mpaka ndani, mlango umefungwa. Nilisimama. Sikugeuka kwa sababu ningekuona ningelia, na nikilia huwa siwezi kuacha.

Mle ndani sikuhitaji kueleza kitu, ulishaeleza. Walinipeleka chooni kwanza. Wakaniwekea shuka lililokunjwa chini ya kiuno. Daktari alinionyesha chombo chenyewe, kidogo kweli, na kabla ya kunigusa akasema anagusa wapi. Niliinua mkono. Akaacha. Wifi, aliacha! Nilibaki nimeinua mkono hewani kama mwanafunzi, sijui cha kufanya, maana sikuamini. Nikaushusha, akaendelea. Niliinua tena, akaacha tena.

Iliuma. Sikudanganyi safari hii. Iliuma, na nilimwita daktari jina moja ambalo mama yake hatalipenda. Niliungua siku nne, nikalala na chupa yangu. Lakini ilikwisha, na nilishuka kitandani kwa miguu yangu, na kitanda kilikuwa kikavu.

Nilinyamaza mpaka stendi kwa sababu ili unisikie ningelazimika kupiga kelele, na kelele za siku hiyo zilikuwa zimetosha. Sikuwa nimekasirika. Ningejua ningekuandikia kwa kidole mkononi, kama wakala wako.

Na siku ile niliyokudanganya, nilikuwa nimekwenda kweli. Nilifika mpaka benchi lile lile. Nilikaa peke yangu asubuhi nzima. Wakaja kuniita jina langu, nesi akanitazama usoni akauliza kama ni mimi. Nikamwambia huyo mnayemwita ameondoka. Nikarudi nyumbani nikakuandikia barua ya furaha.

Majibu yametoka jana. Kuna mahali kwenye mlango wa kizazi pameanza kubadilika. Haijawa saratani. Daktari amesema nimewahi, wataitoa sehemu hiyo kabla haijawa kitu. Nimeliandika neno hilo hapa makusudi, "kitu", kwa sababu ilikuwa kitu, wifi. Na ya mama ilikuwa kitu. Nikikumbuka alivyokuwa anafua nguo zake peke yake moyo unakatika.

Mkata tiketi alikuja saluni Jumapili nimsuke. Ilituchukua siku nzima kichwa kimoja, maana nikitoka mimi anaingia yeye, akirudi yeye naondoka mimi. Njia zimetoka zimenyooka lakini. Ameniambia treni ya kuja huko kwenu ina choo kila behewa, na amenichagulia kiti cha jirani nacho. Nitakuja kaburini kwa mama nikishapona. Nitakusuka na wewe, kichwa chako nilikiona, mapacha ndio wanaokusuka?

Tarehe ya kuitoa sehemu hiyo ni ishirini na moja. Nesi amesema kibofu kitaamka tena, nijiandae. Najiandaa, lakini naogopa, wifi, naogopa sana, na nyumba hii haina mtu wa kumwambia hivyo.

Njoo. Ukae pale pale kwenye benchi. Na nikianza kutazama mlango wa kutokea, sema tena, kwa sauti ile ile.

Wifi yako,
Msusi